Unyoya Uliochuja Rangi

Nikiwa na miaka 13, manati haikukosa mfukoni mwangu. Sisi tuliiita feya. Kwetu Kuresoi ukimaliza mashamba ya viazi na chai unaingia Msitu wa Mau, na ukishuka bonde unasikia mto Itare kabla hujauona. Huko ndiko nilikomwangusha shorobo mmoja, ndege wa kijani aliyenona. Nilipomkunjua bawa likawaka jekundu. Nikang'oa unyoya, nikauchomeka kwenye kofia.

Mama akaifua kofia bila kuutoa. Maji ya sabuni kwenye karai yakageuka waridi.

"Hii damu umeitoa wapi?"

Nikaapa si damu. Nilichapwa.

Miaka mingi baadaye walikuja watu wa kuhesabu ndege, wakatafuta mwenyeji wa kuwaonyesha njia, wakanichukua mimi. Nilimsimulia mmoja wao kisa cha karai, akacheka hadi akakaa chini. Akanieleza kwamba wekundu ule ni rangi yenye madini ya shaba, na kwamba huyeyuka kwenye maji ya sabuni. Kumbe nilichapwa bure! Kisha akanipa darubini. Juu ya mti wa muiri kulikuwa na shorobo anachuma matunda, jicho lake limezungukwa na duara jekundu, mbele yake doa jeupe. Yule niliyemshika mkononi alikuwa amefumba macho.

Sikuokoka siku hiyo. Wiki ileile nilitungua njiwa wawili, nikawachoma. Feya niliiacha polepole, daftari langu la ndege lilipoanza kujaa.

Siku hizi naandikia Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege nchini. Nchi imegawanywa viraba vya takriban kilomita 9 kwa 9. Unatembea kirabani mwako angalau saa 2, ukiorodhesha kila aina ya ndege kwa mfuatano unavyowaona au kuwasikia. Hakuna njia za watalii hapa, nafuata za ng'ombe na za akina mama wa kuni, kandokando ya mto ambao maji yake huishia Ziwa Victoria. Wale ndege wadogo wa kahawia bado wananishinda, nawaruka.

Ukija, vaa gambuti, na uwe mtoni kabla ya saa 12 na nusu asubuhi, shorobo wakianza kukoroma. Ukikuta kinyesi cha ndovu kinafuka mvuke, rudi ulikotoka.