Mimi Mzima, Nalipia Nini?

Kila mwaka Julai ikikaribia, vijana ninaofanya nao kazi hapa Nzahaha wananiuliza swali lile lile: "Kaka, mimi niko mzima, mituweli nalipia nini?" Si swali la kijinga. Mtu anayebeba matofali kutwa ana haki ya kujua pesa yake inaenda wapi.

Nawajibu: inaenda kwa mgonjwa. Anayeshikwa na malaria huko chini kwenye mpunga wa Bugarama analipa franka 200 tu kituo cha afya, na hospitali asilimia 10 ya bili, kwa sababu wazima wamechanga. Kesho zamu inaweza kuwa yako. Wakichanga wagonjwa peke yao, mfuko unakauka. Ndiyo maana bima ikawa lazima kwa sheria iliyotoka 2008, na familia ikatakiwa kulipia watu wake wote, siyo yule anayekohoa tu.

Hapo ndipo panapouma. Viwango vya 2011 viliwalipia maskini kabisa, lakini daraja la tatu na la nne la ubudehe walitozwa franka 3,000 kila mtu. Nyumba ya watu saba, hiyo ni 21,000. Jirani mmoja alikuwa amelipia watano. Mmoja wa hao watano, mtoto, akapata homa usiku. Asubuhi wakarudishwa dirishani kwa sababu wawili wamebaki. Kanuni inalinda mfuko, sawa. Lakini siku ile aliyebeba mzigo wake ni mtoto.

Ujerumani walipoanzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, mchango ulikatwa kwenye mshahara, na mwajiri akaongeza theluthi moja. Mkulima wa Nzahaha hana wa kumkatia. Pesa anaiona akivuna, halafu inakwisha. Basi mwenye kumkatia ni ikimina. Ukiweka 500 kila wiki, wiki 42 zinatosha kupata ile 21,000. Kikundi chetu kiliamua pia kwamba faini za wachelewaji zimalizie nyumba iliyobakiza mtu mmoja au wawili. Ni pesa kidogo, lakini mlango wa kituo unafunguka.

Mimi nilikulia kambini Kiziba. Huko swali la "nalipia nini" hatukuwa nalo: matibabu yanalipwa na UNHCR na washirika wake. Ni msaada mkubwa, siubezi. Ila mfadhili wa mbali akipunguza pesa, sisi tunaijua habari dawa zikishapungua. Mwaka 2019 mlango ulianza kufunguliwa kwa wakimbizi wa mjini, Kigali na Huye, kuingia mituweli kama wenyeji.

Ndugu wa mashirika, msikimbilie kumwambia mama asiye na kazi achange 3,000. Hata Mnyarwanda maskini kabisa alilipiwa. Anzeni na kazi, na vikundi vya kuweka akiba, halafu kadi ifuate.

Na ninyi vijana wenzangu wa kambini, anzeni kuweka hata franka 100 kwa wiki. Siku kadi itakapofika ikiwa na bei yake, isiwakute mikono mitupu.