Twende Unguja, lakini lini?

Kila mwaka darasani kwetu lazima atokee mtu aseme, "Jamani, twende Zanzibar tukauone Mji Mkongwe." Wote tunaitikia. Ugomvi unaanzia kwenye neno moja tu: lini?

Ukiwauliza watu wa utalii, watakwambia Juni hadi Oktoba. Ni kweli, kipupwe hakina joto kali wala mvua nyingi. Ila sisi tunaosomea ualimu, miezi hiyo ndiyo ya mazoezi ya kufundisha, na bei za vyumba ziko juu. Halafu kusi likivuma, bahari huchafuka. Asiyezoea boti atajuta.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, inaujali mfuko. Wageni wachache, vyumba bei poa. Lakini vichochoro hujaa maji, na utaumaliza mji ukiwa umejibanza barazani kwa watu. Mji wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na mvua haiuonei huruma.

Kura yangu mimi ni kaskazi, Januari au Februari. Joto lipo, sifichi. Sababu yangu ni swali.

Mwaka jana, kwenye mazoezi, nilikuwa nafundisha biashara ya pwani. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, hao wafanyabiashara walikaa miezi yote hiyo wakisubiri nini?" Nikamjibu: upepo. Akanitazama kama nimemkwepa. Simlaumu. Mimi nimekulia Singida. Upepo wa kwetu unabeba vumbi, haubebi majahazi.

Jibu lilikuwa sahihi. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na India, kusi ikayarudisha. Katikati hapo watu walisubiri, na katika kusubiri wakaoa, wakakopeshana, wakajenga. Sehemu kubwa ya mji ule, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, imetokana na kusubiri huko. Somo hili huenda nikalifundisha miaka thelathini. Nataka nisimame Forodhani kaskazi ikinipiga usoni, kisha nitembee hadi Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, maana upepo huohuo ulibeba na watu.

Wikiendi moja inatosha. Boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili. Angalieni tu mambo mawili. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, vyumba hujaa mapema. Na Ramadhani husogea nyuma takribani siku 11 kila mwaka. Ikiangukia hapo, mchana migahawa mingi hufungwa, na kula hadharani ni kukosa adabu.

Anayekuja aseme sasa, kabla bumu halijaisha.