Chakula na Saa Yake: Lyon na Tanga

Hapa Lyon, Ufaransa, maduka mengi madogo ya mtaani kwangu hufungwa saa sita mchana na kufunguliwa tena saa nane. Fundi viatu hufunga, muuza vitabu hufunga, na ukimfuata karani mwenye shida yako ya karatasi utakuta hayupo. Wamekwenda kula, na kula kwao ni kukaa kitako mezani. Mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyezoea duka la Mangi lililo wazi mpaka saa nne usiku, huona ni uvivu. Mimi naona hapo ndipo jibu la swali ninaloulizwa kila mara na ndugu zangu wa Tanga lilipo: hao Wafaransa wanakula siagi, jibini, mkate mweupe na keki, mbona hawanenepi? Wanakunywa chai gani? Wanafuata ratiba gani ya kupunguza mwili?

Tuanze kwa kuwatendea haki, maana sifa zikizidi hugeuka uongo. Ufaransa ina wanene, na wanaongezeka. Mwaka 1997 uchunguzi wao wa taifa ulikuta asilimia 8.5 ya watu wazima wana unene wa kupindukia. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 17. Bado ni chini ya nusu ya kiwango cha Marekani, kinachozidi asilimia 40, lakini si nchi ya miujiza. Na ratiba za kupunguza mwili wanazo. Daktari Pierre Dukan, aliyewalisha watu nyama, samaki na mayai kwa wiki nzima nzima, ni Mfaransa, na kitabu chake kiliuzwa kwa mamilioni. Kuhusu divai, ambayo tangu mwaka 1991 televisheni za Marekani ziliisifu kuwa ndiyo siri ya afya ya mioyo ya Wafaransa, nitasema neno moja tu: taasisi yao wenyewe ya afya ya umma ilikadiria kwamba pombe iliua watu 41,000 nchini humo mwaka 2015. Asiyekunywa hajakosa kitu.

Kinachobaki baada ya kuondoa hayo ni mpangilio. Asubuhi ni kahawa na kipande cha mkate chenye siagi na jamu. Mchana ni chakula kamili. Usiku, kwenye saa mbili, ni chakula tena, mara nyingi chepesi kuliko cha mchana. Mtoto akitoka shule hupewa kitafunwa chake saa kumi na nusu, mkate na chokoleti au tunda, basi. Katikati ya saa hizo watu hawali. Ukiingia mgahawani saa tisa alasiri na njaa yako utaambiwa jiko limefungwa, na hakuna atakayekuonea huruma. Lakini saa ya kula ikifika haraka haipo: kwa jumla Wafaransa hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku wakiwa mezani, miongoni mwa muda mrefu zaidi katika nchi tajiri zilizopimwa.

Sahani nazo ni ndogo. Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti uliolinganisha mikahawa ya Paris na ya Philadelphia, Marekani. Wastani wa chakula cha mtu mmoja Paris ulikuwa gramu 277. Philadelphia, gramu 346. Kisha wakakaa ndani ya McDonald's na kuhesabu muda. Wateja wa Paris walikaa kama dakika 22, wale wa Philadelphia kama 14. Chakula kidogo, kililiwa kwa muda mrefu zaidi. Tumbo huchelewa kumpa mtu habari kwamba limetosheka, na anayekula polepole huipata habari hiyo kabla hajapakua mara ya pili.

Lyon yenyewe si mji wa saladi. Migahawa ya zamani hapa husifika kwa soseji, ini na utumbo. Upo hata utumbo unaopakwa chenga za mkate na kukaangwa, na Mtanzania aliyekulia supu ya asubuhi haumshangazi. Jirani yangu, bibi aliyevuka miaka themanini, hula vizito hivyo Jumapili mchana, na kitindamlo juu yake. Jioni hiyo chakula chake ni supu ya liki na viazi. Sijamsikia akitaja kalori. Jumanne asubuhi anateremka ngazi ghorofa tatu na kikapu chake cha magurudumu kwenda sokoni Croix-Rousse kwa miguu, akichagua nyanya moja moja na kubishana na muuzaji kama tikiti ni la kuliwa leo au keshokutwa.

Bibi huyu hakuzaliwa na nidhamu hiyo. Alifundishwa, na bado watoto wanafundishwa, kwa sheria. Hapa ningependa wazazi wenzangu wa nyumbani wanisikilize vizuri kuliko penginepo.

Amri ya serikali ya Septemba 2011 inaeleza watoto wa shule wale nini, na haiongei kwa jumla jumla. Inachukua milo 20 mfululizo na kuihesabu. Katika milo hiyo, vyakula vya kukaangwa kwa mafuta mengi visizidi mara 4. Samaki apatikane angalau mara 4. Mboga mbichi au matunda yafungue mlo angalau mara 10, na matunda mabichi yawe kitindamlo angalau mara 8. Maji na mkate mtoto achukue atakavyo. Chumvi na sosi hawekewi mezani ajimiminie, hugawiwa kulingana na chakula chenyewe. Mashine za kuuza soda na peremende zilikwisha ondolewa shuleni tangu Septemba 2005. Mapumziko ya mchana hayapungui saa moja na nusu. Na katika miji mingi mzazi hulipa kulingana na kipato chake, kwa hiyo mtoto wa mfagia barabara na mtoto wa wakili wanakula karoti zile zile, meza moja.

Mtoto anayepita katika utaratibu huo miaka kumi na zaidi hahitaji kuambiwa ukubwani ajizuie. Amekwisha zoea kwamba chakula kina mwanzo na mwisho. Wakubwa nao wanabanwa: Sheria ya Kazi inakataza mfanyakazi kula mahali anapofanyia kazi, na katazo hilo lililegezwa kwa muda wakati wa korona. Tangu Januari 2017 ni marufuku mgahawa kumjazia mteja soda bila kikomo kwa bei moja. Anayedhani wembamba wa Mfaransa ni utashi wake binafsi amekosa kuona mikono mingi inayomshikilia.

Sasa nije nyumbani. Nilipokuwa mdogo Tanga, chai ya asubuhi ilikuwa na muhogo wa kuchemsha au mkate wa kumimina. Chakula cha mchana kililetwa baada ya sala ya adhuhuri, wali wa nazi, samaki wa mchuzi, mchicha, pilipili pembeni, na watoto tulikula kwenye sinia letu. Sinia lile lilikuwa na sheria kali. Kula mbele yako. Usiguse kitoweo mpaka mkubwa agawe. Usinyanyuke kabla ya wenzako. Ukipitisha tonge kubwa, macho sita yanakuona. Hakuna aliyetupimia gramu, lakini kila mmoja aliijua sehemu yake, na tulikula polepole kwa sababu kula haraka ilikuwa aibu. Hata leo Ramadhani inathibitisha kwamba saa tunaiweza: mji mzima unangoja magharibi, mzee na kijana, bila askari wa kuwasimamia.

Tulichobadilisha ni siku za kawaida. Saa nne andazi, saa sita soda, saa tisa krips, saa mbili usiku chipsi mayai, na katikati wali mlima mmoja. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Mgeni akiingia nyumbani, soda hiyo ndiyo heshima. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Katika familia zetu tunaijua namba hiyo kwa sura na majina: shangazi wa presha, mjomba wa kisukari.

Na siwezi kulizungumza hili bila kumtaja mama yangu. Nikimpigia kwa video, kabla hata shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, anauliza, "Mwanangu, mbona umekonda? Huko huli?" Namwelewa. Kizazi chake kilizika watu wengi miaka ya ukimwi, na mwili kupungua ilikuwa habari ya msiba. Mwanamke wa Tanga hataambiwa ajinyime chakula akakubali, na sioni kwa nini akubali. Ndiyo maana zile juisi za kusafisha tumbo na vidonge vinavyouzwa mtandaoni vinanikasirisha: vinamtaka mtu auchukie mwili wake na apoteze fedha yake, ilhali sahani ya mama lishe palepale stendi imekamilika. Ina wali au ugali, maharage, mchicha, kipande cha samaki, ndizi au tikiti ubavuni. Mpishi wa shule ya Lyon angeitia saini. Wali ungepungua kidogo na mboga kuongezeka, soda ingepisha maji, na mteja angepewa muda wa kukaa.

Muda huo ndio mgumu. Kijana anayebeba mizigo bandarini hawezi kuambiwa akae mezani saa nzima wakati kila dakika ni ujira. Fundi aliyepanda daladala mbili kufika kazini anakula akisimama kwa sababu msimamizi hajampa ruhusa ya kukaa. Kumhubiria mtu huyo kuhusu kutafuna polepole ni kumwonea. Mwajiri ndiye wa kuhubiriwa, na sheria ya kazi ndiyo ya kuangaliwa.

Shuleni, hata hivyo, tunaweza kuanza bila kungoja bunge. Katika shule nyingi wazazi tayari wanachangia mahindi na maharage, na kamati ya shule hukaa kupanga kila mzazi alete debe ngapi. Mkutano huo huo unaweza kuamua mambo mengine matatu: mtoto akae chini kwa nusu saa nzima anapokula, muuza peremende asogee mbali na lango, na tunda la msimu liwemo katika mchango. Machungwa ya Muheza hupakiwa kwenye malori kila msimu kwenda Dar es Salaam na Kenya. Ningependa kuona kamati moja tu ya shule za Tanga ikiandika machungwa kwenye orodha yake ya michango, chini ya mahindi na maharage, na ikitaja idadi.