Rangi ya Mdomo na Mabinti Zetu



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wetu, leo nitaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtasema si la ustadhi kuliandika. Nalo ni rangi ya mdomo, ile nyekundu iliyokoza ambayo mabinti wanaipenda. Mimi naishi hapa Kimihurura, na kila Jumamosi baada ya sala ya Adhuhuri nasomesha darsa la mabinti wa sekondari na wa vyuo. Maswali yao huyaandika kwenye vikaratasi bila ya majina, maana yapo mambo ambayo binti hawezi kumwuliza mwanamume ana kwa ana. Katika vikaratasi hivyo hakuna jambo linalojirudia kama hili la lipstiki. (Tulipokuwa tukivaa barakoa, tangu Aprili 2020 hadi Mei 2022, swali hilo lilitoweka kabisa. Barakoa zilipovuliwa, likarudi.)

Wazazi wafahamu kwamba wanaouliza si wakaidi. Kimihurura si Biryogo wala Nyamirambo, ambako binti akitoka nje anakutana na Waislamu wenzake kila baada ya nyumba mbili. Huku kwetu kuna jengo la Bunge, kuna Convention Centre iliyofunguliwa mwaka 2016, na ofisi tele. Binti akisubiri basi asubuhi anawaona wanawake wakienda kazini, suti imenyooka na midomo imekoza. Nao ni wanawake wenye madaraka. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 wanawake walipata viti 51 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge la Rwanda. Kwa hiyo rangi ile, machoni mwa binti, si urembo tu. Anaiona kuwa ni alama ya mtu asiyeogopa kusimama mbele ya watu na kusema. Kikaratasi kimoja kiliniuliza hivi: "Ustadhi, nikipaka nyekundu najiamini. Je, kujiamini ni kibri?"

Swali hili ni zuri kuliko lile la halali na haramu peke yake. Ipo hadithi mashuhuri aliyoipokea Imam Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Hakumlaumu mtu huyo. Alibainisha kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kibri hakikai kwenye kijiti cha rangi, kinakaa moyoni, na anaweza kuwa nacho mwenye lipstiki na anaweza kuwa nacho mwenye kanzu nyeupe na tasbihi mkononi.

Na pambo kwa mwanamke wa Kiislamu si jambo lililokuja na magazeti ya Ulaya. Wanja wa ithmid umetajwa katika hadithi, hina imetajwa, na bibi zetu wa Pwani, tangu Lamu mpaka Unguja, walikuwa na midomo myekundu kabla hawajaijua lipstiki. Walitafuna tambuu, jani na popoo na chokaa, na mdomo ukaiva wekundu wenyewe. Hapa nitoe tahadhari, kwani nikisimulia hivi darsani hakosi binti anayetaka kujaribu: mwaka 2004 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka popoo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Heri lipstiki.

Ama hukumu, nawasomesha kama nilivyosomeshwa. Kujipamba nyumbani, mbele ya mume, mbele ya maharimu na baina ya wanawake wenzake, hakuna tatizo. Harusi zetu za kina mama zingekuwa nini bila ya hayo! Kutoka barabarani na pambo linalovuta macho ya wanaume ajinabi, hilo linaingia katika makatazo ya Suratun-Nur aya ya 31, na sitaifanya laini ili nipendwe na vijana. Lakini nawaomba akina baba wafungue msahafu waangalie aya ya 30, inayotangulia. Amri ya kuinamisha macho imeanza na sisi wanaume. Sijawahi kupata kikaratasi kutoka darsa la wavulana kinachouliza: "Ustadhi, nifanye nini na macho yangu?" Nakisubiri bado.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi moja nilikuwa safarini, na darsa likasimamiwa na mtu mwingine. Alikuja binti, hijabu yake imetimia, mdomo umekoza nyekundu. Mama mmoja akamsimamisha mbele ya wenzake, akamfuta kwa kitambaa na kumwambia kwamba uso mweusi kama wake ukipakwa rangi ile unakuwa kichekesho. Binti alikaa mpaka mwisho wa darsa, hakulia, akaondoka. Hajarudi tena. Nimekwenda kwao mara mbili. Baba yake alinikaribisha chai, na binti akanisalimu kwa adabu zote, akasema ana masomo mengi.

Angalieni, ndugu zangu, maneno aliyoambiwa. Hakuambiwa kwamba Allah amekataza. Aliambiwa kuwa ni mweusi. Na katika majlisi hizo hizo za kina mama wapo wanaosifiwa "mashaallah, umetakata" hali kila mtu anajua kuwa ngozi ile imeliwa na mukorogo. Lipstiki inatoka kwa maji na sabuni. Mukorogo wenye haidrokwinoni unaweza kuiachia ngozi madoa meusi yasiyotoka, na wenye zebaki unaingia mwilini na kuharibu figo. Serikali imeshalipigia vita jambo hili: Novemba 2018 Rais Kagame alilisemea hadharani, na mwaka uliofuata polisi na maofisa wa afya walipita madukani wakikusanya hayo makopo. Sisi walimu wa dini tulipaswa kutangulia, kwa kuwa Suratur-Rum aya ya 22 imehesabu tofauti ya rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Allah. Anayeidharau rangi ya mtoto wa mwenzake, anadharau nini hasa?

Wengi mnamfahamu Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wa Kenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwaka huo huo, katika hafla ya jarida la Essence kule Marekani, alisimulia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe, na kila asubuhi akikimbilia kioo. Alisimulia pia juu ya msichana aliyemwandikia kwamba alikuwa karibu kununua krimu ya kung'arisha ngozi, akaacha baada ya kumwona yeye. Wiki chache baadaye kampuni ya Lancôme, ya vipodozi vya Kifaransa, ikamchagua kuwa balozi wake, na uso ule ule alioomba uondolewe ukatangaza vipodozi ulimwenguni. Yeye si Mwislamu, na mavazi yake si mavazi ninayowasomesha mabinti. Lakini mimi kama mwalimu ninayewafundisha watoto dua, kisa kile kilinikaa kifuani. Mtoto ananyanyua mikono usiku, na anachoomba ni kubadilishwa. Nani alimfundisha dua ile? Hakufundishwa madrasa. Alifundishwa na midomo ya watu wazima, na midomo ile haikuwa na rangi yoyote.

Ndiyo maana binti akiniuliza juu ya kujiamini, kwanza namwuliza kama anaupenda uso wake kabla ya kuupaka. Akisema ndiyo, yaliyobaki ni fiqhi tu, na fiqhi inasomeka.

Fiqhi yenyewe ndiyo hii, kwa ufupi. Mdomo unaoonekana ukiufunga ni sehemu ya uso, na maji ya udhu lazima yaufikie. Rangi inayoacha alama tu kama hina haizuii udhu. Ile nzito ya nta, na hasa zile zinazouzwa kwa sifa ya kutotoka kwa maji, ni utando, na udhu juu yake hausihi mpaka iondolewe. Sabuni peke yake mara nyingi haiziwezi hizo, mafuta ndiyo yanaziyeyusha. Pili, someni kilichoandikwa kwenye boksi. Mkiona CI 75470, hiyo ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu wadogo wa kwenye mipungate, wengi wao wakitoka Peru. Wanazuoni wamekhitalifiana juu yake, na kwa kuwa rangi ya mdomo humezwa kidogo kidogo pamoja na chakula, sisi wa madhehebu ya Shafi tunaona kuiacha ni salama zaidi, na nyingine zisizo nayo zipo. Kwenye saumu, kupaka hakufunguzi, kumeza kwa kusudi ndiko kunakofunguza.

Baada ya mkasa ule nilizungumza na mke wangu, na bila ya mkutano wala kamati akaweka penye udhu wa wanawake chupa ya mafuta ya nazi na pakiti ya pamba. Hakuna tangazo ukutani na hakuna mtu anayesimama mlangoni kuwaangalia midomo. Anayehitaji anajifuta mwenyewe, anatawadha, anaingia kwenye safu. Chupa ya kwanza iliisha kabla ya mwezi, na juzi mke wangu amenituma sokoni ya tatu, akaniagiza nichukue kubwa.