Moshi Yenyewe Iko Juu

Wageni wengi wakifika Moshi hulala usiku mmoja, hupiga picha Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ikiwa mawingu yamefunguka, kisha alfajiri wanaelekea Marangu au Machame kuukwea mlima. Mji wanaupita tu. Naona wamejinyima mengi, kwa sababu mlima huu una wenyewe, na habari zao ni tamu kuliko za theluji.

Mji huu wa barabara zilizonyooka ni mtoto wa reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, Wajerumani wakashusha shughuli zao tambarare, na jina la Moshi likashuka nao. Moshi ya asili ilibaki juu mgombani, ndiyo hiyo Old Moshi, alikotawala Mangi (yaani chifu) Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Uchagga, nchi ya Wachagga wenye mlima huu, haukuwa na makao makuu mamoja. Kibosho, Machame, Kilema na Marangu kila moja ilikuwa na Mangi wake, nao walipimana nguvu. Rindi alitazama mbali zaidi ya majirani: mwaka 1889 alituma wajumbe wake mpaka Berlin, kwa Kaisari.

Mwanawe, Meli, alirithi kiti mwaka 1891. Mwaka uliofuata wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani, na kamanda von Bülow akafa katika vita hivyo. Wajerumani walirudi mwaka 1893 na jeshi kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli mtini pale Tsudunyi, huko Old Moshi, pamoja na viongozi wengine. Inasadikiwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi ukoo wake umedai kirudishwe. Nilisimama pale Tsudunyi kimya. Hakuna kitabu kilichowahi kunifikishia uzito wa jambo hilo namna ile.

Njia ya kupanda huko ni raha tupu. Joto la mjini linakuacha kidogo kidogo, na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vinafuatana: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi pembeni, ng'ombe zizini akiletewa majani. Tazama mifongo. Ni mifereji waliyochimba mababu kwa mikono, inayotoa maji mtoni na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi shambani kwa mtu, bila pampu, kwa zamu ambayo wazee ndio waliosimamia. Aliyemkosea jirani yake hupeleka jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa ni aibu kubwa. Ukikaribishwa mbege, pombe iliyopikwa kwa ndizi na ulezi, pokea kata kwa mikono miwili, na uwaache wazee watangulie.

Kahawa ililetwa na mapadre wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, lakini walioipa nguvu ni wakulima wenyewe. Walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika ambao jengo lake bado limesimama katikati ya mji. Watoto wengi wa mlimani walisomeshwa kwa kahawa hiyo.

Halafu kuna Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu. Wageni wote macho yao yako Kibo, yenye mita 5,895, na Mawenzi yenye mita 5,149 husahaulika. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka siku moja Kibo alipochoka akampiga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimechongoka hivyo. Kibo ilikwewa mwaka 1889. Mawenzi iliwachelewesha wapandaji mpaka 1912, kwa kuwa miamba yake ni mikali na inamomonyoka. Jua likichomoza asubuhi ya Julai, mimi huiona nzuri kuliko Kibo.

Basi ukija Moshi, ongeza siku. Kabla ya kulipia safari ya kileleni, panda kwanza Old Moshi, mtafute mzee wa huko akupeleke Tsudunyi, na umpe muda akusimulie mwenyewe.