Kibwagizo Kisichouzwa

Wapo wasemao kuwa mwimbaji asiyeishi kwa wimbo si msanii, ni mpitanjia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ngujini, milimani Upareni. Mchana nashika chaki, usiku gitaa. Sikubaliani nao. Shaaban Robert alitunga akiwa karani wa forodha, na Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, ililelewa na watu waliokuwa na shughuli nyingine za kuwalisha.

Ajira hunipa uhuru mmoja mkubwa: kukataa. Harusini, mzee mmoja alininyoshea noti ili nitie jina lake katika kibwagizo. Jina lilikuwa na mizani sita, nafasi ilitaka nne. Tena wimbo ulikuwa wa mama anayeagana na bintiye. Nikamwambia, "Mzee wangu, noti naiheshimu, lakini kibwagizo kimeshajaa." Lau unga wa wanangu ungetoka katika noti ile, ningemwimba yeye, na yule mama angenyamazishwa.

Bei ya uhuru huo naijua. Sauti iliyofundisha kutwa hukwaruza jioni, na beti nyingine husubiri likizo. Lakini wazee wetu walituachia ndiva: kijito chembamba hakifiki shambani, basi maji hukingwa usiku kucha, na asubuhi bwawa likifunguliwa hushuka kwa nguvu hadi kwenye migomba. Ewe mtunzi mwenye kijito chembamba cha muda, kikinge.