Kabla ya kuongeza nguvu: kijana wa Rutshuru na kompresa ya gari lake

Kunako garaji nyingi za Goma, Butembo na Bunia, gari likiletwa bila nguvu, fundi mzuri huanza na maswali mawili: linapata hewa? Linapata mafuta? Maswali hayo yalimshughulisha kwa miezi mingi kijana mmoja mzaliwa wa Rutshuru anayeishi sasa Lexington, jimbo la Kentucky, kule Marekani, mji uliopokea Wakongo wengi. Yeye hakusomea ufundi. Siku za kazi anapakia mizigo ghalani, na Jumamosi ndiyo siku ya gari lake.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 1990, la viti viwili tu, dogo na jepesi. Mama yake alipotumiwa picha aliuliza wajukuu watakaa wapi. Injini yake ni ya lita 1.6 na nguvu ya farasi 116 hivi. Kwa gari jepesi namna hiyo inatosha kufurahisha, lakini kwenye vilima kijana alitaka zaidi. Akaanza kutafuta supachaja, ambayo mafundi wa kwetu wanaiita kompresa.

Kompresa ni pampu ya hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, pistoni inaposhuka. Kompresa huisukuma hewa hiyo ndani kwa nguvu, ili silinda ipate hewa nyingi zaidi na iweze kuchoma mafuta mengi zaidi. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, tofauti na turbo, ambayo huzungushwa na moshi unaotoka. Aina aliyoitaka kijana ina historia ndefu. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, Philander na Francis, wa Connersville, jimbo la Indiana, waliandikisha mashine yao ya kupuliza hewa mwaka 1860, kabla ya gari la esanse kuwako. Ilitumika kupuliza moto katika tanuru za kuyeyushia chuma. Baadaye tu ndipo ikaingia kwenye magari.

Lakini jambo la kwanza lilikuwa pesa. Mama yake na wadogo zake walikimbia vita Rutshuru, wakaishi kambini Bulengo. Kambi zilizozunguka Goma zilipoachwa mwanzoni mwa mwaka 2025, walipanga chumba kimoja mjini. Banki zilikuwa zimefungwa, na pesa zilifika kwa simu tu, zikiwa zimekatwa hapa na pale njiani. Kijana alikuwa ameweka dola 1,800 za kununua kompresa iliyokwisha kutumika. Kila alipozihesabu, aliona chumba kile. Mwishowe alimpigia mama yake simu, akamweleza yote.

Mama hakukasirika. Alisema: "Papa, kwanza tulipie nyumba miezi sita, mwenye nyumba aache kutugongea. Kitakachobaki ni jasho lako, sitakiuliza." Halafu akauliza swali lingine: "Na hiyo moteri yako, hiyo nguvu itaibeba?"

Kijana hakuwa na jibu. Alilipa nyumba, kisha ikamchukua miezi minane kurudisha akiba. Miezi hiyo aliitumia kutafuta jibu la mama. Aliazima kipimo cha mgandamizo, akatoa buji zote nne, akapima silinda moja baada ya nyingine. Zote zilikaribiana. Hiyo ilikuwa habari njema, kwani silinda moja dhaifu ndiyo huwa ya kwanza kuvunjika mzigo ukiongezwa. Alisafisha radiyata, akabadilisha mipira ya maji iliyokuwa imekakamaa, akaziba mahali palipovuja oili. Majirani waliomwona kila wiki chini ya gari walidhani limekufa.

Alijifunza pia kwa nini injini huvunjika. Esanse huungua vizuri pale inapopata hewa mara 14.7 ya uzito wake. Kompresa ikisukuma hewa nyingi na mafuta yakabaki yale yale, moto ndani ya silinda unazidi kuwa mkali. Mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe, vibaya na kwa wakati usiofaa. Fundi husikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mlio huo ukiachwa uendelee, pistoni hutoboka au hupasuka. Kwa hiyo mafundi wa kompresa huongeza mafuta mpaka hewa iwe karibu mara 12 tu, au chini kidogo, ili esanse ya ziada ipooze silinda.

Kompresa ilipofika, kuifunga kulichukua Jumamosi tatu. Aliondoa njia ya zamani ya hewa, akaweka mpya na gasketi zake, akafunga kompresa, akapitisha mkanda mrefu zaidi. Aliweka nozeli kubwa za mafuta pamoja na kifaa cha kuzitawala. Buji alizipunguza mwanya kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, kwani cheche hupata taabu kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Hakuwa na haraka ya nguvu. Alichagua msukumo mdogo, kama baa 0.4 juu ya hewa ya kawaida. Kipimo alichokitegemea kuliko vyote alikifunga kwenye bomba la moshi, cha kumwonyesha hewa na mafuta vinavyoendana.

Siku ya jaribio alitafuta barabara iliyo wazi, akakanyaga taratibu. Gari liliitika mara moja, na kompresa ikapiga mluzi mwembamba. Lakini namba kwenye kipimo, badala ya kushuka hadi 12, ilipanda kupita 13 na kuendelea. Akaondoa mguu papo hapo, akarudi nyumbani polepole. Kichujio cha esanse kilikuwa cha zamani, kimeziba nusu. Kwa injini ya awali mafuta yaliyopita yalitosha. Kwa mzigo mpya hayakutosha. Kichujio kipya kilimgharimu dola chache. Wiki iliyofuata namba ilikaa mahali pake.

Mambo hayo yote alikuwa akimsimulia mdogo wake kwa ujumbe wa sauti. Mdogo huyo ana miaka 19 na anajifunza kazi katika garaji moja ya Goma. Hakuna mteja wa garaji hiyo mwenye gari la viti viwili. Yanayoletwa ni Land Cruiser na Fuso za mazutu, nyingi zikiwa na turbo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Gari la huku linaitegemea turbo yake kweli kweli.

Siku moja ililetwa Land Cruiser iliyoshindwa kupanda mlima. Wengine walitaka kufungua pampu ya mazutu, kazi ya pesa nyingi. Kijana akampigia kaka yake: "Yaya, hii moteri haina nguvu, inatosha moshi mweusi sana." Kaka akamjibu kwa swali: moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa nini? Mdogo akaelewa. Mafuta yalikuwepo, hewa ndiyo iliyopungua. Akapapasa mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, akakuta umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Ulibadilishwa siku ile ile, na pampu haikuguswa.

Tangu hapo mwenye garaji humpa magari ya turbo ayaangalie kwanza, na kila wiki humpa kitu kidogo cha kupeleka nyumbani. Sasa yeye na kaka yake wanachangia kodi ya chumba.

Vijana wengi waliohama wanajifunza kazi hivi hivi, bila shule na bila cheti, kwa kuangalia mikono ya mwingine. Vifaa ni vichache. Lakini swali la yule mama halihitaji kifaa, na linafaa kuulizwa kabla ya kufungua boliti ya kwanza: hicho unachotaka kukiongezea mzigo, kitaubeba? Kama hujui, pima kwanza. Kupima ni bei ndogo kuliko pistoni.